Ukoo Nilioupata Katika Mate

Jumapili, katikati ya Juni. Randburg.

Jua linawaka lakini halipashi kitu. Baridi ya Johannesburg ni kavu. Haina mvua wala ukungu. Inaingia tu kwenye vifundo vya vidole na kukaa humo. Nimeketi karibu na hita ya gesi, blanketi magotini, nikiandika kwenye kompyuta ambayo mjukuu wangu Nekesa alinifundisha kuitumia ili nisiache kuandika shajara hii. Wengine wamekwenda kanisani. Nimeomba kubaki nyumbani. Nimewaambia ni magoti.

Si magoti.

Jana, mbele ya wageni, chakula kikiwa bado kimefunikwa mezani, niliizuia ndoa ya Nekesa.

Neno langu linasubiriwa. Mwanangu Wafula, baba yake Nekesa, alinijia jana jioni akasema kwamba wageni wako radhi kurudi Jumamosi ijayo, ila si kabla sijasema waziwazi kama ninakubali au ninakataa. "Mama, jambo la koo ni lako," alisema. "Mimi siwezi kukuruka." Kisha akasimama mlangoni kwa muda, mtu mzima wa benki mwenye mvi, akiningoja kama alivyokuwa akiningoja zamani nimalize kusahihisha madaftari ili tule.

Nimechoka. Naomba msomaji anivumilie nieleze kwa utaratibu, kwa kuwa nisipoeleza kwa utaratibu sitaelewa hata mimi.

Kwetu, sisi Wabukusu wa magharibi mwa Kenya, binti haolewi katika ukoo wa baba yake, wala wa mama yake, wala wa bibi zake wawili. Wanaokuja kuposa hukaribishwa, huketishwa, na kabla mtu hajagusa chakula, mzee wa upande wa binti hutaja koo hizo nne. Upande wa kijana nao hutaja zao. Watu husikiliza kama kuna jina litakalojirudia. Likijirudia, watu hula, hushukuriana, hurudi makwao, na habari huishia hapo hata kama vijana wamependana vipi. Hapa Johannesburg tumeacha mambo mengi. Hili hatujaliacha. Wakenya wenzetu wanaooza watoto wao huku huniita niwasaidie kupanga koo, kwa sababu wengi wao wamezisahau, na vijana wao huniita Kamusi nikiwapa kisogo.

Kwa Nekesa, ukoo wa tatu ni wangu. Mimi ni bibi yake mzaa baba, kwa hiyo unaotajwa ni ukoo wa baba yangu.

Hapo ndipo penye pengo.

Baba yangu alikuwa Mhindi. Alikuwa fundi wa viatu, na kibaraza chake kilikuwa sokoni, katika mji wetu mdogo wa reli. Aliondoka kabla sijaanza kutembea. Wengine walisema alirudi kwao, wengine walisema alivuka kwenda Uganda, na wengine walisema alishuka huku kusini. Watu walimwita Fundi. Mama yangu naye alimwita Fundi, na hakuwahi kunitajia jina jingine, sijui kwa sababu hakulijua au kwa sababu hakutaka. Nilipouliza alikuwaje, aliniambia jambo moja tu: kwamba alipokuwa akishona alikishika kiatu kwa miguu, katikati ya nyayo zake, ili mikono yote miwili ibaki na kazi yake.

Wajomba zangu walinilea na kunipa ukoo wao. Maisha yangu yote, ilipofika zamu ya kutaja ukoo wa baba, nilitaja wa wajomba, na wazee walikubali huku wakitazama pembeni. Hakuna aliyenidhalilisha. Walitazama pembeni tu, kila mara, mpaka nikazoea kuwaona watu wazima kwa upande wa uso.

Watoto wenzangu hawakutazama pembeni. Shuleni waliniita chotara. Walivuta nywele zangu waone kama zitanyooka zaidi. Nilijifunza sarufi kwa bidii ya mtu anayetafuta kitu kimoja ambacho hakuna atakayempinga nacho, na nikawa mwalimu mkali. Sijutii ukali huo. Ulinifaa.

Nekesa ni mtafiti katika chuo kikuu hapa mjini. Anachunguza magonjwa yanayorithiwa katika familia za Afrika Kusini zenye asili ya Kihindi, na ili kuyaelewa inambidi ajue watu hao walitoka wapi, waliungana na nani na waliacha kuungana lini. Haya yote huyasoma kwenye vinasaba. Mchumba wake, Jayesh, alikutana naye alipompeleka bibi yake kutoa damu kwa ajili ya utafiti huo. Ni fundi wa umeme wa jua, mpole, mwenye mzaha, na familia yake ni ya Lenasia, ya asili ya Gujarati. Wao ni Wahindu, sisi ni Wakristo. Jambo hilo tulilizungumza mwaka mzima, kwa machozi, na lilikwisha. Sitalirudia.

Nekesa ndiye aliyetaka nipimwe. "Kukhu," aliniambia, kwa maana hivyo ndivyo tunavyowaita bibi kwetu, "si unataka kujua?" Nilimjibu kwamba katika umri wangu mtu hutaka kulala tu. Akaninunulia kipimo hata hivyo, kimoja changu na kimoja cha Jayesh, kutoka kampuni inayouza vipimo hivyo kwa watu wa kawaida. Kazi ilikuwa kutema mate kwenye kichupa mpaka yafike kwenye mstari. Nililelewa nikijua kwamba kutema mate mbele ya watu ni ukosefu wa adabu, kwa hiyo niligeuka ukutani. Ilichukua muda. Kinywa cha mzee ni kikavu.

"Eish, Kukhu," Nekesa alicheka nyuma yangu. "Hata mate unatemea na heshima?"

Majibu yalikuja majuma mawili yaliyopita. Alinifungulia kompyuta mezani. Kulikuwa na ramani ya dunia, na juu yake rangi mbili. Nusu yangu ilikuwa kwetu, jambo ambalo sikuhitaji kuambiwa. Nusu ya pili ilikuwa Asia Kusini, na ndani ya Asia Kusini rangi ilikolea mahali pamoja, kwenye rasi ya magharibi mwa India inayochomoza baharini kama kidole gumba. Gujarati. Chini ya ramani palikuwa na majina ya watu wengine waliopimwa ambao vinasaba vyao vinafanana na vyangu, yaani, kwa maneno ya kampuni, ndugu zangu.

Jayesh alikuwa miongoni mwao. Ndugu wa mbali, kampuni ilisema; labda tuna babu mmoja vizazi kadhaa nyuma.

Nekesa alipiga makofi. "Ona! Jayesh ni ndugu yako! Ndiyo maana nyinyi mbili mnaweka sukari mingi kwa chai." Kisha simu yake ikalia, akatoka kwenda kuipokea barazani, na hakurudia tena habari hiyo. Kwake ilikuwa kichekesho. Watu waliosoma sana jambo moja husahau kwamba wengine hawakulisoma.

Mimi sikucheka, na kwa mara ya kwanza sikumsahihisha "nyinyi mbili".

Nilibaki na ramani. Niliweka kidole juu ya ile rasi na kioo kikawa na alama ya kidole changu. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba baba yangu alitoka India kama vile mtu hufikiri kwamba mvua hutoka mbinguni. Sasa alikuwa ametoka mahali. Zaidi ya hayo, alikuwa na watu, na mmoja wa watu hao hula kwangu kila Jumatano.

Sikumwambia mtu yeyote. Nilijiambia kwamba ninahakikisha kwanza, kama mwalimu anavyopaswa kufanya. Huo ulikuwa udhuru. Ukweli ni kwamba nilikuwa ninaonja kuwa na ndugu. Jayesh alipokuja Jumatano niliangalia masikio yake. Niliangalia anavyoshika kikombe. Nilimpikia chapati, mimi ambaye humpikia mtu chapati kwa sikukuu tu, na akala huku akinitazama kwa mashaka.

"Kukhu, leo kuna nini? Kuna mtu amekufa?"

"Kula," nilimwambia.

Siku chache baadaye nilikwenda Bellevue kuchukua nguo yangu ya siku ya wageni. Nguo zangu hushonwa na Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu, anayeishi na kufanya kazi katika chumba cha mbele cha nyumba kuukuu iliyogawanywa vyumba vyumba. Alikuwa amepiga magoti akinipima pindo, pini mdomoni, akaniuliza jambo ambalo watu wa adabu hawajaniuliza kwa miaka mingi.

"Mama mwalimu, baba yako alikuwa wa kabila gani? Iyi sura yako, miye nasemaka, huyu mama haiko wa Kenya tu."

Nikamjibu. Nilinyoosha mgongo nikasema, "Baba yangu alikuwa mtu wa Gujarati, fundi wa viatu. Na nimewapata ndugu zake. Wako hapa hapa, Lenasia."

Mama Furaha alitoa pini mdomoni akapiga vigelegele mpaka mtu wa chumba cha pili akagonga ukuta. "Aksanti Yezu! Mama amepata familia! Ukuje na bo bote, nitabashonea kitambaa moja!"

Upatanisho wa kisarufi haukuwamo mahali popote katika sentensi hiyo ya kunitaka niwalete wote awashonee kitambaa kimoja. Sijasikia sentensi nzuri kama hiyo mwaka huu.

Alinifungia nguo, akaongeza mabaki ya kitenge cha nguo hiyo kwenye mfuko ili nitengenezee kilemba. Nikapanda gari la kukodi kurudi Randburg. Tulisimama kwenye taa nyekundu za barabarani, ambazo huku huitwa roboti, na hapo ndipo nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe. Ikiwa Jayesh ni mtu wa baba yangu, basi pengo la ukoo wa tatu limejaa. Na ikiwa ukoo wa tatu ni wa Jayesh, Nekesa hawezi kuolewa naye.

Taa ikawa ya kijani. Dereva akaondoka. Nilikuwa na mfuko magotini.

Ningeweza kumwuliza Nekesa usiku ule ule. Ni kazi yake. Angenieleza mezani, tukiwa wawili, na jana isingetokea. Sikumwuliza. Leo, hita ikinguruma na nyumba ikiwa tupu, ninaweza kuandika sababu: niliogopa angesema kwamba Jayesh si ndugu yangu.

Jana walikuja mchana. Jayesh, wazazi wake, na bibi yake, ambaye nyumbani kwao huitwa Ba. Ni mwanamke mdogo wa umbo, mkavu kama mimi, katika sari ya rangi ya kahawia na sweta nzito juu yake. Tulikuwa tunaongea Kiingereza, lugha ambayo hapa kila mtu huiazima. Maneno yetu ninayaandika kwa Kiswahili. Ba hakutabasamu. Nilijua anachokifikiri, kwa kuwa Jayesh hakutuficha: Ba alitaka mjukuu wake aoe binti wa jamii yao wenyewe, kama walivyofanya wote kabla yake. Alikuwa amekuja kwa sababu hakutaka mjukuu aende bila yeye, basi.

Wafula alisali, akakaribisha, akaeleza desturi yetu. Akamwomba baba yake Jayesh aanze. Yule bwana, aliyeonekana ameandaliwa na mwanawe, alisema kwamba wao hawana koo kama zetu, lakini wana jamii yao, watu wa vijiji vichache vilivyokaribiana, na kazi ya babu zao ilikuwa ngozi.

"Viatu," Ba alimkatiza. "Si ngozi. Viatu."

Niliposikia viatu, moyo wangu uliruka kama wa msichana.

Wafula akanigeukia. Nilisimama. Nilitaja ukoo wa Wafula, nikataja wa mke wa Wafula, nikaruka nikataja wa mama yake mke wa Wafula, nikauacha wangu wa mwisho. Kisha nikasema kwamba baba yangu alikuwa fundi wa viatu wa Gujarati, kwamba kipimo kimemwonyesha Jayesh kuwa ndugu yangu, na kwamba kwa sababu hiyo, kwa desturi yetu, Nekesa hataolewa naye. Nilisema kwa sauti ile niliyokuwa nikiitumia mbele ya darasa. Ilitoka vizuri. Mke wa Wafula alikuwa ameshika mfuniko wa sufuria na hakujua pa kuuweka.

"Kukhu!" Nekesa alisema. Hilo tu.

Aliyezungumza alikuwa Ba. Aliuweka mkoba wake sakafuni, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Unasema msichana huyu ni wa kwetu?"

"Ndivyo."

"Wa watu wa viatu?"

"Ndivyo kipimo kinavyosema."

Uso wake ukafunguka. Alimgeukia mwanawe, akasema jambo kwa Kigujarati, akanirudia. "Basi hakuna tatizo lolote!"

"Hilo ndilo tatizo lenyewe," nilisema.

Tulitazamana, vikongwe wawili, mmoja akiwa amefurahi kwa sababu ile ile iliyomfanya mwenzake akatae. Jayesh alishika kichwa.

"Ngojeni. Ba alikuwa anakataa kwa sababu Nekesa si wa kwetu. Kukhu anakataa kwa sababu Nekesa ni wa kwetu. Sasa mimi nioe nani, paka?"

Hakuna aliyecheka, ila mama yake aliziba mdomo.

Nekesa hakupandisha sauti. Alikwenda kwenye kona ulipokuwa mfuko wa Mama Furaha, akatoa mabaki ya kitenge, akayamwaga juu ya meza ndogo mbele yangu na Ba.

Alitueleza polepole, kama mtu anayewafundisha watoto wanaopendwa. Alisema: vinasaba ni kama vitambaa hivi; watu wawili wakiwa na vipande virefu vilivyokatwa kwenye jora moja, hao wamekatiwa juzi, hao ni binamu kweli. Lakini fikirini vijiji ambavyo kwa vizazi vingi sana watu wameoana wao kwa wao tu, kama kijiji kizima kinachonunua kitambaa kwenye duka moja, jora lile lile, mama kwa binti kwa mjukuu. Kila nyumba itakuwa na viraka vya kitambaa hicho. Ukiviokota vya Kukhu na vya Jayesh, ni vingi. Kompyuta ya kampuni inavijumlisha, inaona ni vingi, inasema hawa ni ndugu. Lakini mimi, alisema, nimeviangalia kimoja kimoja. Ni vifupi. Ni vya zamani mno. Haviwezi kuniambia baba yake Kukhu alikuwa nani, wala kwamba alikuwa wa nyumba ya Jayesh.

"Mtu yeyote wa vijiji hivyo angeonekana ndugu yangu?" niliuliza.

"Yeyote, Kukhu. Na wa vijiji vya jirani pia."

Kisha, kwa kuwa hiyo ni kazi yake na hajui mahali pa kuachia, aliendelea. Alisema kwamba kabla ya vijiji hivyo kufunga milango ya ndoa, milango hiyo ilikuwa wazi kwa muda mrefu. Kulikuwa na wenyeji wa kale wa nchi ile. Kulikuwa na watu wa nasaba moja na wakulima wa upande wa Uajemi. Kulikuwa na wafugaji walioteremka kutoka nyika za kaskazini. Wote hao walichanganyika, na karibu kila mtu wa kule, wa tabaka la juu na la chini, amebeba sehemu yao kwa viwango tofauti. Baadaye ndipo kila kundi lilipoanza kuoana lenyewe kwa lenyewe.

Ba alikuwa ameuchukua mkoba wake tena. "Sisi hatukuchanganyika na mtu."

"Ba," Jayesh alisema, "chai yako ina tangawizi, iliki, karafuu na pilipili manga, na bado unasema ni chai tu."

"Nyamaza wewe."

Mimi nilikuwa naangalia viraka. Nilikuwa nikifikiri kwamba kumbe hata yeye, hata wale waliofunga milango, wote ni machotara, na kwamba laiti ningelijua hilo nikiwa darasa la tatu. Lakini wazo hilo halikunifariji kama nilivyotarajia. Nilikuwa nimechoka ghafla, uchovu wa kutoka miguuni. Nilisema kwamba nahitaji muda wa kufikiri. Nikaenda chumbani kwangu na viatu miguuni nikaketi kitandani, na nikawasikia wakila kwa sauti za chini, vijiko na sahani, kama watu waliotoka mazishini.

Hayo ndiyo yaliyotokea.

Leo asubuhi, baada ya gari la Wafula kutoka, simu ililia. Alikuwa Ba. Sijui alipata wapi namba yangu. Nadhani kwa Jayesh. Hakusalimu kwa urefu.

"Mwalimu, nilitaka uwe wa kwetu," alisema. "Ningekuwa na cha kuwaambia dada zangu."

Nilimwambia kwamba mimi pia nilitaka.

Kwake kulikuwa na redio. Akaniuliza nina kumbukumbu gani ya baba yangu. Nilimwambia sina, isipokuwa ile moja ya mama: alikishika kiatu kwa miguu, katikati ya nyayo.

Ba alicheka kidogo, si kwa ubaya. "Baba yangu alishika hivyo. Babu yangu alishika hivyo. Mume wangu, mpaka magoti yalipomkatalia. Wote hushika hivyo, Mwalimu. Hivyo ndivyo kazi ile inavyofanywa."

"Wote?"

"Wote."

Kisha akasema kwamba anaweza kuwauliza wazee wa Lenasia kama kuna mtu wa kwao aliyewahi kukaa Kenya, kwenye reli, lakini nisitegemee, kwa kuwa wengi walikwenda na wengi hawakusema. Nilimshukuru. Alisema nivae soksi mbili mbili, baridi ya wiki hii ni mbaya. Akakata.

Nimekaa na hilo tangu asubuhi. Lile jambo moja nililokuwa nalo, ambalo nililihifadhi kama la baba yangu peke yake, ni la wote. Ni kiraka kifupi. Hakinipi mtu. Lakini ni la kweli: alikuwa mmoja wao, aliketi kama wao, na mama yangu alisimama mahali fulani karibu akatazama miguu yake. Sikuwa nimewahi kumwaza mama yangu akitazama.

Na sasa niandike lile ambalo nimelizungukia tangu aya ya kwanza.

Jana sikuwa nikiilinda desturi. Wafula anadhani hivyo, na wageni wanadhani hivyo, na ningeweza kuwaacha wadhani. Mtu anayekatazwa kuoa katika ukoo fulani ni mtu mwenye ukoo huo. Nilitaka kukatazwa. Nilitaka angalau mara moja kutamka jina mahali pale na watu wasitazame pembeni, hata kama bei yake ilikuwa harusi ya mjukuu wangu. Nilisimama na kumtoa Nekesa ili nipate baba.

Ni jambo baya kuliandika kwa mkono wa mtu aliyefundisha watoto wa watu kwa muda mrefu kiasi hicho. Naliandika.

Nikikubali ndoa hii, ninakubali pia kwamba sijampata mtu. Kwamba Jayesh ni kijana mpole wa Lenasia anayependa sukari, na masikio yake ni masikio yake. Nitamrudisha baba yangu kwenye lile pengo, na safari hii nitakuwa mimi niliyemrudisha.

Wamerudi kutoka kanisani kitambo kidogo. Nekesa alikuja moja kwa moja chumbani akiwa bado na koti, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, macho yamevimba. Aliishika mikono yangu akaanza kuipasha kwa kuisugua.

"Mwambie Jayesh waje Jumamosi," nilimwambia. "Na chakula kiwe kile kile. Cha jana sikukila."

Aliniwekea kichwa begani akalia, kisha akasema kwa Kiswahili chake, "Asante, Kukhu. Na pole kwa baba yako." Alisema pole kama vile mtu husema pale msiba unapotokea, na nilitambua kwamba katika umri wangu wote hakuna aliyewahi kunipa pole kwa baba yangu. Niliipokea kama inavyopokewa. Nilisema, "Tumeshapoa."

Jumamosi nitasimama tena. Nitataja ukoo wa Wafula, na wa mke wake, na wa mama yake. Zamu yangu itakapofika sitataja wa wajomba zangu, ingawa walinilea na nawashukuru. Nitasema: "Baba yangu alikuwa fundi wa viatu. Watu wake siwajui. Sina jina la kumzuilia mtu." Wakitaka kutazama pembeni, watazame.

Nimeyatamka maneno hayo peke yangu hapa karibu na hita, mlango ukiwa umefungwa, mara kadhaa. Yamepangika vizuri. Lakini nikifika kwenye "siwajui" sauti inakatika, pale pale kila mara.

Kesho, wakishatoka kwenda kazini, nitajaribu tena.